Pilipili Isiyowasha

Maguu, 9 Februari

Lidia ameniachia daftari hili na kalamu mbili, kisha akapanda gari la asubuhi kurudi Songea kwa wanafunzi wake. Kabla ya kupanda amenipa amri. "Baba, andika kila siku mama amekula nini na amekula kiasi gani. Daktari atauliza, na wewe utajibu 'anakula vizuri' kama unavyojibu siku zote." Nimemsomesha mwenyewe ili aje kunisema hivyo.

Basi naandika. Mke wangu Hildegardi alitoka hospitali Alhamisi. Vidonda vya tumbo vilimtoa damu mpaka akaanguka njia ya kisimani, na waliomwokota walidhani wamechelewa. Sasa yuko nyumbani, ana dawa za kutosha na masharti mengi, na sharti kubwa ni moja, kwamba pilipili ni marufuku. Aliyeandika sharti hilo hamjui Hildegardi. Huyu ni mwanamke wa ziwani, wa Liuli, aliyekuja kuolewa huku milimani akiwa na pilipili kichaa zimefungwa kwenye pindo la khanga, na tangu siku hiyo hakuna maharage yaliyoiva nyumbani kwangu bila kunitoa jasho. Alikuwa anakula kuliko mimi. Akimaliza sahani yake, mkono wake unavuka kuja kwenye yangu bila kupiga hodi. Miaka yote ya ndoa nimekula huku nimeikinga nyama yangu kwa kiwiko.

Leo nimepika mimi, kwa sababu hakuna mwingine. Ugali na kabichi. Amekula matonge mawili, akasukuma sahani.

"Nimeshiba," amesema.

Sahani yangu nilikuwa nimeisogeza karibu naye makusudi. Hata hakuitazama.

11 Februari

Mvua kutwa. Maharage, yamebaki magumu kidogo. Matonge mawili. Nimeshiba.

15 Februari

Kwetu Umatengo mlima una utaratibu wake. Mwanamume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana, mpaka mteremko wote uonekane una miraba. Mwanamke hufuata na jembe, huchimba katikati ya kila mraba na kuyafukia majani kwa udongo. Katikati panabaki shimo la kunasa maji, kwenye kingo zinapandwa maharage. Ndiyo ngolo. Kulaza ni kwa mwanamume, kufukia ni kwa mwanamke, na tangu nizaliwe sijaona mtu akichanganya.

Majani nililaza juzi. Leo nimechukua jembe la Hildegardi nikaanza kufukia.

Mdogo wangu Bartholomayo akapita njia ya juu, akasimama, akanitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Kaka," akasema, "nikusalimie kama kaka au kama shemeji?"

Nikamwambia ashuke anisaidie au apite aende zake. Akapita. Jioni kilabuni nadhani walikuwa na mazungumzo mazuri.

Nilipomsimulia Hildegardi, alicheka kidogo, akashika tumbo. "Umefukia, au umezika?" akauliza. Mgongo unaniuma mahali ambapo sikujua kama ni mgongo. Ila amecheka, na kwa ajili hiyo nitafukia mlima mzima.

Uji. Nusu kikombe.

23 Februari

Baada ya misa amekuja Erasmo, kijana wa kampuni iliyotugawia mbegu za paprika. Nilikubali kupanda mwezi wa kumi na moja kwa sababu mibuni ya kule chini imezeeka kama mimi, na kijana huyu anaongea vizuri. Miche imeshika, imefika magotini. Akazunguka shambani, akageuza majani, akaridhika.

Hildegardi alikuwa barazani amejifunika blanketi. Akamwita. "Mwanangu, hizi pilipili zenu ni kali kama kichaa?"

"Shikamoo mama. Haziwashi kabisa. Watu wanazitaka kwa rangi na harufu. Wanakausha, wanasaga, wanapikia."

"Marahaba. Haziwashi?"

"Haziwashi."

Hildegardi akanigeukia. "Baba Lidia, umetapeliwa. Pilipili isiyowasha ni ya nini? Ni kengele isiyolia hiyo."

Erasmo akacheka, nami nikacheka. Lakini nimekwenda kulala nikiifikiria. Daktari amekataza pilipili kwa sababu inawasha. Hii haiwashi. Nani ameikataza?

Ugali, mboga ya maboga. Matonge mawili, la tatu nusu. Nimeshiba.

5 Machi

Jumatano ya Majivu. Padri amesema tufunge. Nikamtazama mke wangu nikamwomba Mungu amsamehe, yeye asifunge. Matonge mawili.

12 Machi

Ngolo zimekwisha, maharage yameota. Hildegardi amekonda mpaka pete imemtoka kidoleni akinawa, nikaipata kwenye maji machafu. Nimeifunga kwenye kitambaa changu.

19 Machi

Leo ni Mtakatifu Yosefu, mlinzi wa familia, nikaona ni siku nzuri ya kwenda kwa masista kuuliza mambo ya jikoni. Sista Vitalia ni mzee sasa, lakini ujana wake wote aliwapikia mapadri wa Kijerumani waliokuwa misheni, na nilikumbuka watu wakisema alikuwa anawapikia nyama ya mchuzi mwekundu usiowasha.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista."

"Milele na milele, amina. Tarsisi, umekuja kuungama? Mimi si padri."

Nikamweleza. Alinisikiliza huku akichambua mchele, hakuinua macho. "Mwanamume wa Kimatengo anauliza kupika," akasema mwishoni. "Mwaka huu tutaona mengi."

Akanitolea chupa ya unga mwekundu uliokuwa dirishani, akanimiminia vijiko viwili kwenye karatasi, akanifundisha. Paprika ina sukari ndani yake, kwa hiyo inaungua upesi kuliko unavyofumba jicho. Rangi na harufu yake havitoki kwenye maji, vinatoka kwenye mafuta ya moto wa wastani. Kaanga kitunguu pole pole mpaka kilegee. Kisha ipua sufuria, iweke chini kabisa. Ndipo utie paprika na ukoroge. Mafuta yakishakuwa mekundu, mwaga nyanya au maji, kisha rudisha motoni.

"Umesikia? Ipua."

"Nimesikia, Sista."

Nilisikia. Lakini nilipofika nyumbani na kitunguu kikalegea, niliona kuipua sufuria wakati kuni zinawaka vizuri ni kupoteza moto. Nikatia kijiko cha kwanza papo hapo. Ikageuka nyeusi mbele ya macho yangu, na moshi ukanikimbiza nje.

Hildegardi alionja kwa heshima. "Hii dawa wamekupa hospitali?" akauliza.

20 Machi

Kijiko cha pili. Leo nimeipua, nikaiweka chini, nimefanya kama alivyosema. Haikuungua. Lakini haikuwa na ladha yoyote pia, ilikuwa kama nimepikia vumbi la tofali. Nimerudi kwa Sista nimekasirika.

Alinusa ile chupa yake. "Imekaa dirishani tangu padri wa mwisho arudi kwao," akasema. "Jua limeila yote. Mimi nanusa kumbukumbu tu. Hii kitu inataka giza na kopo lenye mfuniko, na haivuki mwaka. Subiri ya kwako, Tarsisi."

Kwa hiyo tunasubiri. Matonge mawili.

2 Aprili

Kliniki. Naandika yote ili Lidia asinisumbue kwenye simu.

Walimpima uzito. Nesi akaandika, akafuta, akampima tena, akaandika kile kile. Amepungua kuliko siku aliyotoka hospitali. Daktari ni mtu mpole, hakugomba. Aliniita pembeni, lakini Hildegardi akasema, "Semea hapa hapa, masikio ni yangu." Basi akasema. Vidonda vinaanza kupona, dawa zinafanya kazi, ila mwili hauna cha kujengea. Turudi Juni. Akija Juni akiwa hivi alivyo au chini yake, watamlaza na kumlisha kwa mpira wa puani.

Tukafika kwenye gari. Hapo Hildegardi akasema, "Mama yangu alikufa na mpira puani. Mimi siutaki. Nitafia nyumbani kwangu."

Nikamwambia, "Basi kula."

"Unadhani nakataa? Natafuna, hakishuki. Ni kama natafuna karatasi. Hamu imekatika, Baba Lidia. Nimekula moto miaka yote, mmeuzima, sasa ulimi wangu haujui kazi yake."

Ninaogopa. Naandika hapa kwa kuwa hakuna ninayeweza kumwambia.

Nilisahau: nilimuuliza daktari kuhusu paprika. Akauliza kama haina ukali hata kidogo. Nikasema haina. Akasema tuanze na kidogo, tumbo likiuma tuache mara moja.

8 Aprili

Mvua. Nusu kikombe cha uji.

9 Aprili

Mvua. Hivyo hivyo.

20 Aprili

Pasaka. Lidia amekuja. Paprika za kwanza zimeiva, nyekundu mpaka ncha, ndefu kama kidole cha kati. Nikaitafuna moja mbichi nikiwa shambani, nikingoja ichome. Haikuchoma, ilikuwa tamu kama karoti, na nyuma yake kuna harufu ambayo sikuijua.

Nikakatakata tatu, nikatoa mbegu, nikazikaanga na kitunguu na nyanya juu ya kuku wa Pasaka. Hildegardi amekula matonge manne. Lidia alinitazama, mimi nikatazama pembeni nisije nikaharibu.

Akasema, "Ina kitu. Bado haijafika, lakini ina kitu."

27 Aprili

Tumechuma magunia mawili, na ukungu umeshuka Maguu, hautaki kuondoka. Erasmo alisema zianikwe juani kwenye vichanja. Jua liko wapi? Siku ya nne hii sijamwona jirani yangu ng'ambo ya korongo. Nimeona doa la kwanza la kuvu kwenye kikonyo.

Sikubabaika. Mahindi ya mbegu baba yangu aliyakausha wapi? Darini, juu ya mafiga. Nimezipandisha zote darini, nikawasha moto mdogo wa kuni kavu. Hapo haziozi.

4 Mei

Naandika hospitalini, nimekaa kwenye benchi la nje.

Asubuhi nilishusha pilipili tano kutoka darini. Zimekauka, zinavunjika. Nikatoa vikonyo na mbegu, nikachukua kinu kidogo cha Hildegardi kilichokuwa kimeinamishwa nyuma ya mlango, nikaanza kutwanga. Unga ukatoka mwekundu wa kuiva, una harufu ya moshi na kitu kitamu. Macho yaliniwasha kidogo. Nikadhani ni vumbi.

Nilipika maharage. Kitunguu, mafuta ya alizeti, nikaipua, nikatia kijiko kilichojaa, nikakoroga, mafuta yakawa mekundu kama Sista alivyosema. Nikamwaga maharage na supu yake. Nyumba nzima ilinukia.

Hildegardi alikuja mwenyewe jikoni. Alikaa kwenye kigoda, akachota tonge, akachovya, akatafuna. Akafumba macho. "Ee," akasema. Akachota tena. Alimaliza sahani. Sahani nzima, ndugu zangu, mimi nimekaa pale nashindwa kumeza changu kwa furaha. Nilikuwa nahesabu Juni kichwani, nikaona tumeshinda.

Haikupita saa moja akashika tumbo. Alijikunja ubavu, jasho likamtoka, hakulia, na hilo ndilo lililonitisha. Nikakimbia kwa Bartholomayo. Alikuja na pikipiki, tukamweka katikati yetu, mimi nyuma nimemshikilia, njia yote ya matope. Sikusikia uzito wake mikononi. Bartholomayo hakutania hata neno moja, aliendesha na kusali kwa sauti.

Wamemchoma sindano, wamemtundikia maji. Wanasema hakuna damu mpya, tusubiri. Daktari aliuliza amekula nini. Nikamwambia. Akaandika, akasema, "Basi, hiyo paprika muache."

Mimi ndiye niliyemlisha. Kwa mikono yangu, huku nimefurahi.

5 Mei

Amelala usiku wote. Hakuna damu. Nikirudi nitayachoma yale magunia.

6 Mei

Leo amekaa kitandani, ameomba uji. Nikamwambia nimekosa, nimekosa sana, zile pilipili nitazichoma zote.

Akanitazama. "Ulitwangia wapi?"

"Kwenye kinu."

"Kipi?"

"Kile kidogo, cha nyuma ya mlango."

Akafumba macho, nikadhani maumivu yamerudi, kumbe anacheka. Anajizuia, kitanda kinatikisika. "Baba Lidia," akasema, "kinu kile natwangia kichaa tangu Lidia hajazaliwa. Mti wake wote umekunywa pilipili. Ungetwangia sukari, ingewasha."

"Sasa mbona kilikuwa kisafi?"

"Kisafi machoni."

Mama wa kitanda cha jirani naye akaanza kucheka, hatujui hata jina lake.

8 Mei

Tumerudi nyumbani. Kabla ya kuvua viatu nimekwenda darini nikatafuna paprika moja kavu, yote. Tamu, yenye moshi, haiwashi. Kisha nikainama nikalamba ndani ya kinu. Nimekunywa maji mtungi mzima na ulimi bado unawaka ninapoandika.

Nikampigia daktari. Akasema hajawahi kusikia mtu akilamba kinu, lakini sawa, wiki mbili za uji na chakula laini, kisha tujaribu tena kidogo. Na kinu kingine.

15 Mei

Erasmo amekuja kupokea mzigo. Akafungua gunia la kwanza, akaingiza uso, akautoa. Akafungua la pili.

"Mzee, ulikaushia wapi?"

"Darini."

"Zimeshika moshi. Kampuni haitazipokea, wanachanganya na za wengine, moja inaharibu zote. Niliwaambia juani."

"Jua la Maguu unalijua wewe?"

Tuligombana. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, maana Lidia atasoma. Yeye hakujibu kwa ukali, alisema nusu ya shamba bado haijachumwa, jua la Juni linakuja, atatuletea nailoni ya vichanja. Akaondoka. Baadaye niliona ana haki. Alisema juani, mimi nikasikiliza mahindi ya baba yangu.

Sasa nina magunia mawili ya moshi. Hildegardi, uji wa mtama, kikombe kizima. Siku zilizobaki mpaka Juni ni chache, na uji haujengi mwili.

18 Mei

Bartholomayo amekuja baada ya misa amebeba kitu kwenye gunia. Kinu kipya, kidogo, na mtwangio wake. Amekichonga mwenyewe, kimemchukua wiki nzima.

"Mti mweupe," akasema. "Haujawahi kuona pilipili. Shemeji akipona nataka sahani ya kwanza." Kisha akakaa, akatazama mlima wetu ng'ambo. "Ngolo zako si mbaya, kaka. Zimekaa ovyo ovyo upande wa kushoto, lakini maharage yamesimama."

Nilimkaribisha chai. Sikumwambia asante mara moja, nilishindwa, nikaisema alipokuwa ameshafika barabarani.

22 Mei

Ida, dada mkubwa wa Hildegardi, ametuma usipa kutoka Liuli kwa gari la Mbinga, wale samaki wadogo wa ziwani, waliokauka vizuri. Wiki mbili za daktari zimekwisha leo.

Nikawatoa vichwa, nikawaosha kwa maji ya vuguvugu, nikawakaanga kidogo nikawaweka pembeni. Kitunguu pole pole. Nyanya mbili tayari kwenye bakuli. Nikaipua sufuria, nikaiweka chini karibu na mguu wangu ili nisijaribiwe. Nusu kijiko tu cha unga wa kinu kipya. Mafuta yakabadilika. Nyanya. Motoni. Usipa mwishoni, maji kidogo, chumvi kidogo.

Hildegardi alikuwa amekaa kitandani. Harufu ilipomfikia akaita, "Nani amewasha moto wa mama?"

Sikuelewa. Nikampelekea sahani. Akanusa kwanza, kwa muda. Akasema, "Mama alikuwa anabanika samaki ufukweni, mvua ikinyesha anawaingiza ndani, nyumba nzima inanuka hivi. Nguo zetu za shule zilinuka hivi. Watoto wa mwalimu walitucheka." Akala. Alikula taratibu, anachambua kila samaki kama anasoma. Matonge matano. Kisha akasema nimeshiba, na mara hii nilimwamini.

Nilikaa naye mpaka jioni nikisubiri maumivu. Hayakuja. Nikashukuru, nikaosha vyombo nikiimba, na naimba vibaya.

23 Mei

Hakuna maumivu. Amekula kiporo.

25 Mei

Maharage, kijiko kizima. Matonge sita. Amesema chumvi haitoshi. Nikamtajia daktari. Akasema daktari hali kwangu.

30 Mei

Baridi imeanza. Nimejifunza jambo: kwenye viazi paprika inatakiwa itiwe mwanzo na mafuta, kwenye mboga za majani mwishoni. Hakuna aliyenifundisha, nimekosea mara mbili. Unga nauweka kwenye kopo la maziwa lenye mfuniko, kabatini, gizani. Natwanga kidogo kidogo, wa wiki tu.

Anakula vizuri. Lidia, nimeandika "vizuri" na ni kweli. Ila chakula changu bado hakigusi. Naacha kipande kizuri ukingoni mwa sahani kila siku, na mkono wake hauvuki.

3 Juni

Sista Vitalia amekuja kumtazama mgonjwa, amenusa kopo langu. Alisema mapadri hawakuwahi kuwa na ya moshi. Akaomba vijiko vitatu. Nikampa, nikamwambia asiiweke dirishani.

11 Juni

Kliniki.

Hildegardi alivua viatu, akavua kitenge cha juu, akapanda kwenye mizani kama mtu anayepanda kizimbani. Nilitazama ukuta. Nesi akaandika, akafuta, akampima tena.

"Mama," nesi akasema, "umepanda. Nilidhani mizani imeharibika."

Daktari alisoma daftari hili. Alisoma mpaka mahali pa kulamba kinu, akavua miwani akaifuta. Hakuna kulazwa, hakuna mpira. Dawa zinaendelea mwezi mmoja zaidi. Aliuliza paprika inapatikana wapi. Nikamwambia nitamletea.

Njiani Hildegardi akasema, "Nataka kwenda ziwani. Nataka Ida anione kabla hajasikia habari za uongo."

Nilimvisha pete. Bado inacheza, lakini haitoki.

14 Juni

Erasmo ameleta nailoni. Tumejenga vichanja pamoja, jua ni kali na kavu. Nilimpa mfuko wa zile za moshi ampelekee mama yake. Akazinusa, safari hii hakutoa uso haraka.

Liuli, 21 Juni

Tumefika jana jioni. Ida alimpokea mdogo wake kwa kumshika mabega na kumgeuza mbele na nyuma, kama anayechagua mbuzi, kisha akalia. Leo asubuhi mume wake, Nazari, ameshusha mbasa wawili wakubwa, samaki wanono wa ziwani. Ida alitenga samaki wa wote, akasaga kichaa zake juu ya jiwe. Kwa mgonjwa alikuwa ameweka kipande pembeni, achemshe kwa maji na chumvi.

Hildegardi akafungua mkoba, akatoa kopo la maziwa. "Dada, hiyo ya kuchemsha acha. Mpe Baba Lidia jiko."

Nazari akanitazama juu mpaka chini. "Shemeji, huko milimani wanaume mmeanza kupika lini?"

"Tangu ngolo," nikasema. Nikakunja mikono ya shati.

Nilipika mbele ya wanawake wa ukoo mzima, wengine wamekuja kwa ajili hiyo tu. Nilipoipua sufuria na kuiweka chini, mmoja akauliza kama nimechoka. Ida hakucheka. Alichungulia mafuta yakigeuka, akaniuliza kwa nini, nikamweleza. Akaniuliza natwangia kinu gani. Hilo Hildegardi akalieleza yeye, kwa urefu, na kwa kuongeza mengi ambayo hayakutokea.

Ziwani wanaume hula mkekani mbele ya nyumba, wanawake karibu na jiko. Nilikaa na Nazari na wanawe. Nilipakuliwa kipande cha tumbo, chenye mafuta, ambacho ndicho nakipenda, nikakiacha mwisho kama kawaida yangu. Nazari alionja mchuzi, akaonja tena, akasema hauwashi, akaonja tena.

Nikaona kivuli kwenye mkeka. Hildegardi alikuwa amevuka uwanja wote kutoka kwa wanawake, sahani yake mkononi, imelambwa safi. Hakuomba. Aliinama, mkono ukaja moja kwa moja kwenye kile kipande cha tumbo.

"Shemeji," Nazari akasema, "mkeo anakuibia mchana kweupe."

Nikaondoa kiwiko.